Mkate na Asali

Wayahudi waingiapo mwaka wao mpya, mwezi wa Tishri, hunawa mikono, humshukuru Mungu atoaye mkate katika nchi, kisha wengi huchovya mkate wa mviringo katika asali badala ya chumvi, wakiomba mwaka mtamu. Lakini siku hizo ndizo siku za hukumu na toba. Wazee wao walifundisha ya kuwa Siku ya Upatanisho haimwondolei mtu kosa alilomkosea mwenziwe, mpaka amtulize kwanza. Naye Bwana wetu aliagiza vivyo hivyo juu ya sadaka. Je, yafaa kuomba utamu, hali jirani tumemwachia uchungu? Asali hailipi deni. Basi, kabla ya kuumega mkate, twende tukapatane.