Miguu yako ni kura: hakuna "kuangalia tu"

Kuna neno moja ambalo vijana wetu wa mjini wamelifanya ngao. Umkute kijana wa Kiislamu kwenye tamasha la muziki, uwanja wa wazi, jua la utosi, jasho linamchuruzika, umuulize kulikoni, atakujibu: "Ustaadh, mimi nimekuja kuangalia tu na wenzangu." Maana yake ni kwamba dhima ni ya anayeimba na anayecheza, yeye mtazamaji hana mkono katika jambo hilo. Je, ni kweli?

Swali hili nilijibiwa pale ambapo sikutarajia, nako ni Sapiwi, wilayani Bariadi, mkoa wa Simiyu.

Msimu wa burudani za uwanjani huko Usukumani ni baada ya mavuno, kuanzia mwezi Juni hivi. Mvua zimekatika, pamba inauzwa, mifukoni mna chochote. Ndipo ngoma zinapotoka. Kuna bugobogobo inayochezwa kwa majembe, na kuna bayeye wanaocheza na nyoka. Juu ya yote kuna ushindani wa tangu enzi za mababu baina ya makundi mawili, Bagika na Bagalu. Tulikwenda kutoka Bariadi mjini, marafiki sita, Waislamu sote. Tulifika kabla ya adhuhuri, tukasimama kwenye vumbi na jua kali, wala hakuna aliyelalamika.

Mmoja wetu akamwambia mzee mwenyeji aliyekuwa kando yetu kwamba sisi si wa upande wowote, tumekuja kuangalia tu. Mzee akacheka. "Mwanangu, hapa hakuna wa kuangalia tu. Pale uliposimama ndipo ulipopiga kura."

Akatueleza. Kwa desturi yao ya asili makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja na uwanja wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Miguu ya watazamaji ndiyo inayohukumu. Ndiyo maana manju hubuni vituko vipya kila mwaka, na wapo wanaotafuta hata dawa za kuvuta watu, jambo ambalo kwetu sisi ni mlango wa shirki. Yote hayo ni kwa ajili ya huyo huyo anayesema "naangalia tu". Bila yeye hakuna mashindano.

Ndugu msomaji, mzee yule hakuwa Muislamu, lakini alilolisema lina asili katika elimu yetu. Wanazuoni wa usuli wameigawa Sunna katika mafungu matatu: aliyoyasema Mtume (s.a.w.), aliyoyatenda, na yaliyotendwa mbele yake akayanyamazia. Hili la tatu lina uzito mkubwa. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini, na Mtume (s.a.w.) akamsitiri Bibi Aisha (r.a.) huku naye akiwatazama mpaka akatosheka. Mtume hakucheza mikuki. Alitazama. Na kule kutazama kwake ndiko tunakokutolea hoja mpaka leo kwamba mchezo ule ulikuwa halali.

Ni kweli sisi si Mitume, na kutazama kwetu hakuhalalishi kitu. Lakini kanuni iko pale pale kwamba kuwapo ni kauli. Ndiyo maana katika Suratun Nisaa, aya ya 140, waumini wamekatazwa kukaa na wanaozifanyia mzaha aya za Mwenyezi Mungu mpaka waingie katika mazungumzo mengine, wakaonywa kuwa wakikaa watahesabiwa kama wao.

Tazama pia kwamba kisa cha Wahabeshi kinawafunga midomo wale wanaodhani Uislamu ni dini ya kununa. Kufurahi na marafiki si dhambi. Suala la ala za muziki wanazuoni wamelijadili kwa urefu, na si makusudio yangu leo. Ninalouliza ni hili: furaha yako umeipigia kura nini? Kama uwanjani pana pombe, matusi na uchi, hao nao wamehesabu kichwa chako.

Sasa turudi kwenye jua. Wanafiki wa Madina walipoitwa kwenda Tabuk mwaka wa 9 Hijria walitoa udhuru wa joto. Katika Suratut Tawba, aya ya 81, Mwenyezi Mungu aliwajibu kuwa Moto wa Jahannam una joto kali zaidi. Kwa miaka mingi niliisoma aya hii nikiwafikiria watu wengine. Siku ile Sapiwi nilipotazama saa yangu, wakati wa alasiri ulikuwa umeshaingia. Adhuhuri ilikuwa imetupita sote sita, na mimi nikiwemo. Safari yenyewe ilikuwa fupi, haikutupa hata udhuru wa kukusanya swala. Tuliswali chini ya mwembe huku tumeinamisha vichwa, na hakuna aliyemtazama mwenziwe.

Jambo lililonichoma ni kuwa watu hao hao sita ndio tunaonung'unika feni ya msikiti ikizimika, ndio tunaosema khutba ya Ijumaa ni ndefu na joto ni kali. Kumbe mwili unaweza! Moyo ukipenda kitu, jua halihesabiwi. Basi udhuru wetu wa joto haukuwa habari ya hali ya hewa, ulikuwa habari ya mapenzi yetu.

Wala nisieleweke kuwa dini inataka tuungue. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliagiza joto likizidi adhuhuri icheleweshwe mpaka kupoe. Na joto si mchezo. Katika Hija ya mwaka 2024 zaidi ya mahujaji 1,300 walifariki, na wengi walikuwa wale wasio na vibali, waliotembea juani bila mahali pa kupumzika. Mwili ni amana, kwenye ibada na kwenye starehe. Dini inayokuonea huruma kiasi hicho usiiite nzito.

Neno la mwisho ni kwetu sisi wazee, maimamu na viongozi wa misikiti. Tunawalaumu vijana kuwa wanajaa viwanjani. Sisi tumewapa uwanja gani? Mara ngapi, baada ya Idi, tumeandaa michezo, mashindano ya mbio, kaswida, chakula cha pamoja chini ya miti? Kijana hutafuta wenzake, hiyo ni fitra. Akikosa wa muuza miski atakaa na wa mfua vyuma, cheche zimrukie. Nasi tulioacha uwanja wetu mtupu tumeshapiga kura pia, kwa kutokuwapo.

Basi kila mmoja wetu, kabla ya kutoka nyumbani na marafiki, ajiulize: leo miguu yangu inakwenda kumshindisha nani? Siku ambayo vinywa vitafungwa, miguu hiyo ndiyo itakayotoa ushahidi.

Wallahu a'lam.