Neno Ulilompa Mtoto

Mwanangu, jana kwenye simu ulinilalamikia kwamba binti yako amekuwa hasikii. Unamwita mara tatu ndipo aitike, na ukimtuma anasema "nakuja sasa hivi" na haji. Nilikujibu kwa mkato kwa sababu sauti ilikuwa inakatika. Usiku usingizi haukunijia, nikaona afadhali nikuandikie. Hiyo "nakuja sasa hivi" naijua ilikotoka. Yeye ameisikia kwako, na wewe uliisikia kwangu.

Sisi watu wa pwani tuna desturi ya kale ya mama kumuusia binti yake. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, mwenyewe akiwa kitandani anaumwa, na mpaka leo unasomwa. Utendi ule umekaa zaidi kwenye dini, adabu ya ulimi, na namna ya kuishi na mume. Mimi si mtunzi, na mjukuu wangu ana miaka sita, meno ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka. Kwa hiyo nasaha zangu ni za asubuhi na jioni za nyumba yenye mtoto mdogo, na ninakupa wewe, si yeye. Katika umri ule mtoto hana adabu ya peke yake. Anayo ile anayoiona kwa mama.

Naanza na ahadi, kwa kuwa hapo ndipo nilipokukosea.

Ulipokuwa na umri kama wake tulikuwa tumepanga Ngamiani, chumba kimoja, cherehani yangu ikiwa barazani. Uliniomba nikupeleke Raskazone ukaogelee. Nikakwambia Jumamosi. Jumamosi ikafika nina nguo za watu za harusi, nikasema Jumamosi ijayo. Ijumaa usiku ulikuwa unalitoa lile gauni lako la rangi ya chungwa, unalikunja na kuliweka juu ya kiti, ili asubuhi nisipate sababu ya kusema tumechelewa. Zilipita Jumamosi nne au tano. Kisha gauni likabaki sandukuni na wewe ukaacha kuuliza. Mimi nikawaambia majirani kwa kujisifu kwamba mwanangu siku hizi ametulia, hasumbui.

Hukuwa umetulia, mama. Ulikuwa umeacha kuniamini. Nilikuja kufahamu siku nilipokwambia nitakununulia viatu vya Idi, ukaitika "haya mama" bila kuinua macho kwenye mchezo wako wa kokoto. Viatu nilinunua kweli, na ulipoviona ulishangaa. Ule mshangao wako ulinichoma kuliko kama ungelia.

Imepokewa kwa Abdullah bin Amir kwamba alipokuwa mdogo, mama yake alimwita akimwambia njoo nikupe kitu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa nyumbani kwao. Mtume akamuuliza yule mama alikusudia kumpa nini. Akajibu, tende. Mtume akamwambia kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Tende moja tu, kwa mtoto ambaye pengine angesahau kabla ya kufika mlangoni! Sisi tunawaahidi watoto baiskeli ili wanyamaze ndani ya daladala.

Basi usiahidi usichokuwa na hakika nacho. "Leo sina hela" ni jibu la heshima, na mtoto wa miaka sita analielewa vizuri. Atanuna, mwache anune. Ukiwa umeahidi na umeshindwa, mwambie wewe kwanza, kabla hajakuuliza, tena mweleze sababu kama unavyomweleza mtu mzima unayemwomba radhi. Na "sasa hivi" iwe sasa hivi. Kama unaosha vyombo, mwambie nikimaliza sufuria hizi mbili, na zikiisha mbili, nenda.

Uongo wa vitisho ni mbaya zaidi. Nimekusikia ukimwambia "polisi atakuchukua", na siku nyingine "nesi atakuchoma sindano". Hebu fikiri. Siku mtoto akipotea sokoni, atamkimbilia nani kama polisi tumemfanya zimwi? Na sindano yenyewe, usimwambie haiumi. Mwambie itauma kidogo, kama kuumwa na siafu, na mimi nitakuwa nimekushika mkono. Akigundua ulisema kweli kwenye sindano, atakusadiki kwenye mambo makubwa.

Kuhusu salamu sitasema sana, hilo unalijua. Umemfundisha shikamoo na anawaamkia wakubwa bila kusukumwa, nimefurahi. Lakini mtazame mkubwa anayeitika. Mtoto amesimama, mikono imetulia, ametamka shikamoo yake yote, na marahaba inatoka huku macho yamo kwenye simu. Mtume alikuwa akiwapitia watoto akiwatolea salamu yeye. Binti yake Fatima alipoingia, alikuwa akimwinukia na kumkalisha mahali pake. Hata mjukuu wake Umama, mtoto wa Zaynab, aliswali naye akiwa amembeba. Sasa sisi ni nani hata tuone uzito kugeuza shingo? Akikuamkia asubuhi, mwitikie kwa uso. Umuulize amelalaje, na usubiri jibu, hata likiwa ni ndoto ndefu isiyo na kichwa wala miguu.

Ninalotaka ulishike kuliko yote ni hili la kumsuka nywele. Najua siku hizi unampeleka saluni kwa sababu umechoka, na mikono ya wale wasichana ni myepesi kuliko yako. Mpeleke mara moja moja. Mara nyingine msuke mwenyewe, hata kama ni mabutu tu yasiyolingana.

Nakukumbusha siku moja, sijui kama unaikumbuka. Nilikutuma nusu kilo ya sukari kwa noti ya shilingi 500, duka likiwa pale pale kwenye kona yetu. Ulikawia mpaka chai ikapoa, na uliporudi chenji ilikuwa pungufu shilingi 50. Nilikukaripia mbele ya wapangaji wenzetu. Nikasema umecheza njiani na umenunua pipi. Hukujibu. Nikachukulia kunyamaza kwako ni kukiri.

Jioni nikatandika mkeka, ukakaa chini katikati ya magoti yangu umenipa mgongo, mimi na kitana na kikopo cha mafuta ya nazi. Nikagawa nywele njia ya katikati, nikaanza upande wa kushoto. Nilikuwa kwenye mstari wa tatu uliposema, polepole, kama unaongea na ukuta, kwamba pale dukani kwenye kona hupapendi, kwa sababu yule mwenye duka anakushika shavu halafu haachii, na anakuvutia ndani ya kaunta. Ndiyo maana ulikwenda duka la barabara ya pili yake, na kule sukari walikuwa wanauza ghali zaidi. Shilingi 50 zilikuwa pale.

Mkono wangu ulitaka kusimama. Nikaulazimisha uendelee kusuka, maana nilihisi nikishtuka utafunga mdomo. Nikauliza, "Tangu lini, mama?" Ukaniambia. Nikauliza kama kuna jingine, ukasema hakuna, nikamaliza mstari. Kisha nikakugeuza nikutazame, nikakwambia nimekosea kukukaripia, na nimekosea mara mbili kwa sababu nilifanya hivyo mbele ya watu. Nikatoka na wewe, nikawaambia wale wapangaji kwamba mtoto hakununua pipi, chenji ilikuwa sawa, mimi ndiye sikuuliza. Mmoja aliniambia ninakuharibu, mzazi hamwombi radhi mtoto. Nilimwacha na maneno yake. Yule mwenye duka nilimwendea asubuhi yake na mjumbe, na hukutumwa tena pale.

Miaka yote hii nimejiuliza: kama jioni ile ningekupeleka kwa msusi, ungemwambia nani? Mtoto anayekutazama usoni hupima jibu lake kwa uso wako. Akikupa kisogo, na mikono yako imo kichwani mwake, hana haja ya kupima. Huko kusuka ndiko kunakomfungua mdomo. Basi usimwulize maswali mfululizo kama karani. Msuke tu, nyamaza, uimbe kidogo ukipenda. Maneno yatakuja kwenye mstari wa tatu au wa nne.

Na kwa sababu hiyo hiyo, usimlazimishe kumkalia mgeni mapajani wala kumkumbatia mtu asiyetaka kumkumbatia, hata awe mjomba. Najua watu watasema mtoto hana adabu. Adabu ni salamu, na salamu ameshatoa, kwa mkono na kwa ulimi. Mwili wake si sehemu ya ukarimu wa nyumba. Mwambie wazi sehemu ambazo haziguswi, kwa majina yake, na umwambie kwamba siri ya namna hiyo mama hafichwi hata kama mtu amemwapisha. Siku moja akikwambia jambo zito kuliko la kushikwa shavu, usilimalize kifamilia ukumbini. Kila mkoa polisi wana dawati la jinsia na watoto, na namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure. Naomba Mungu usije ukavihitaji, lakini uvijue.

Kazi mpe, kadiri ya mikono yake: kuchagua mchele kwenye ungo, kupanga vijiko, kukunja kanga. Atakuchelewesha. Mchele utamwagika na kuku watafurahi. Usimpokonye ungo ukamalizia mwenyewe kwa haraka ukiwa umenuna, hapo unamfundisha kuwa msaada wake ni mzigo. Na kaka yake naye aoshe sahani yake, ili binti asikue akidhani mikono ya kike ndiyo iliyoumbiwa sabuni.

Nimeandika mengi na taa imeanza kufifia. Likizo ya Juni njooni nyote. Jumamosi ya kwanza mtakayokuwa hapa tutakwenda Raskazone, asubuhi, maji yakiwa yamejaa. Wateja wawili wa nguo za harusi nimeshawaambia siku hiyo cherehani imefungwa, na mmoja amehamia kwa fundi mwingine, sawa tu. Mwambie mjukuu wangu leo leo, na umtajie siku yenyewe. Na wewe beba nguo ya kuingilia majini.