Safari Inaanzia Wapi?

Meru na Embu hazina reli. Ukitaka kwenda Mombasa kwa SGR, unaanza na matatu. Unashuka katikati ya Nairobi, lakini treni haiko hapo, iko Syokimau. Kuna treni ya kukuunganisha kutoka stesheni ya zamani ya jijini, sawa, ila ina saa zake. Matatu yako ikikwama Thika Road, haikungoji. Na kule Mombasa unashukia Miritini, nje ya mji. Matatu tena.

Watu husema stesheni kubwa inataka ardhi, na kuijenga katikati ya jiji kungebomoa nyumba nyingi. Ni kweli. Lakini umbali haukuisha, ulihamishiwa tu mgongoni mwa abiria. Mwenye pesa anaita teksi kwa simu. Shosho mwenye gunia la ndizi na mjukuu mkononi ataita nani?

Tangu 2013, bidhaa zinazoingia nchini zinatozwa ushuru wa kuendeleza reli. Ushuru huo umo kwenye bei za dukani, Makutano na Embu mjini pia. Kwa hivyo hata yule ambaye hajawahi kupanda treni ameshailipia.

Basi, kama sote tunalipa, haki haiwezi kuishia mahali reli inapoishia. Basi la kutoka Meru na Embu hadi mlango wa stesheni, saa zikilingana na za treni, kwa tiketi moja, si hisani. Ni sehemu ya treni tuliyokwisha kuinunua.