Jino na Pengo

Ijumaa ile jioni mashine ilikuwa inafanya kazi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote, kwa hiyo naanza nalo. Juu ya meza yangu ya ufundi, Nkuhungu, palikuwa na bodi ya mraba, sentimita 24 kwa 24, pawasaplai iliyolala ubavu, diski moja, na monita ya chogo ambayo watu wawili ndio waliweza kuibeba. Humo FIFA 98 ilikuwa inachezwa. Picha zilisuasua, nyasi zilikuwa na rangi ya zulia lililofuliwa mara nyingi, lakini mpira ulikuwa unapigwa, na wapwa wangu wawili walikuwa wanapiga kelele kama wako Uwanja wa Jamhuri. Jumamosi usiku bodi ile ilikuwa imekufa, na aliyeiua ni mimi.

Kati ya wapwa hao, kaka mtu anaishi Marekani. Alikuja likizo mwezi Agosti, na katikati ya begi lake, ndani ya soksi na taulo, alikuwa na vitu viwili: pawasaplai ndogo, na kadi ya picha aina ya Voodoo3 3000 aliyoitafuta kwa miaka miwili. Mwaka 1999 alikuwa mtoto Dar es Salaam, na jirani yao alikuwa na kompyuta yenye kadi ya jamii hiyo. Aliwahi kunieleza kwa simu jinsi nyasi za uwanjani zilivyokuwa zinang'aa mle ndani, na akanieleza kwa sauti ambayo watu huitumia wakizungumzia chakula cha bibi. Mdogo mtu, ambaye anasoma hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, hakuwa amezaliwa wakati huo, lakini alikuwa amelisikia simulizi hilo mara nyingi kiasi cha kulitamani. Wakaniomba niwajengee kompyuta ndogo ya kuchezea magemu ya zamani, ndani ya kasha la mninga, iwe kitu cha kuwekwa sebuleni kwa mama yao bila kumwonea aibu mgeni. Tulikuwa na siku tisa. Jumapili ya pili kaka mtu angepanda treni ya umeme kwenda Dar, kisha ndege.

Msomaji ambaye hakuikuta enzi hiyo anahitaji kujua kadi hii ni nini, ndipo aone uzito wa nilichokifanya. Kampuni ya 3dfx ilianzishwa California mwaka 1994. Kadi yake ya kwanza, Voodoo Graphics, ilitoka 1996, na haikujua kuchora chochote isipokuwa picha za pande tatu. Ilibidi uwe na kadi nyingine ya kawaida kwa ajili ya maandishi na madirisha, kisha waya mfupi uziunganishe kwa nyuma. Waandishi wa magemu waliiandikia kwa Glide, lugha ya kampuni hiyo peke yake, na enzi hiyo gemu lililoandikwa hivyo halikutoa uzuri wake wote mpaka likutane na chipu iliyokusudiwa. Voodoo3, ya mwaka 1999, iliunganisha kazi zote mbili katika kadi moja. Ila tayari kampuni ilikuwa imejifungia njia. Desemba 1998 ilitangaza kuinunua STB, waundaji wa kadi, ili itengeneze kadi zake yenyewe. Wale waliokuwa wakinunua chipu zake na kulibeba jina lake madukani wakahamia kwa washindani. Desemba 2000 ikatangazwa kwamba mali zake zinakwenda kwa Nvidia. Tangu hapo kiwanda hakijatoa Voodoo nyingine. Kila inayoungua inapunguza hesabu ya zilizobaki duniani.

Hapa kwetu hesabu hiyo ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na zilipokuja kwa wingi miaka mingi baadaye, nyingi zilikuwa za ofisini: za kuchapia barua na kupigia hesabu, picha ikitoka kwenye bodi yenyewe, bila kadi ya ziada. Kwa hiyo fundi wa Dodoma akiambiwa atafute bodi ya zamani, anapata alichoacha karani, si alichoacha mcheza gemu. Nami nilipata hivyo hivyo. Kwenye rundo la vifaa chakavu vilivyouzwa kwa mnada nikachagua mashine moja nyembamba ya Pentium 4, yenye bodi ya Intel 845G, toleo la 2002. Niliipenda kwa sababu ilikuwa ndogo, ilikuwa na tundu la AGP ambalo ndilo la kadi yetu, na kapasita zake zilikuwa na vichwa bapa. Bodi nyingi za miaka ile ziliwekewa kapasita mbovu ambazo huvimba utosini na kuvuja, kwa hiyo nilijiona nimechagua kwa jicho la mtu mzima.

Nilijiona hivyo mara ya pili nilipoishika ile pawasaplai. Nyuma, karibu na mdomo wa waya, palikuwa na swichi nyekundu, na ilikuwa imesogezwa kwenye 115. Huo ni umeme wa Marekani. Wetu ni volti 230. Swichi ikiwa kwenye 115, saketi ya ndani huuzidisha mara mbili umeme inaoupokea. Ukiichomeka hivyo ukutani Dodoma, kapasita mbili zilizoundwa kubeba volti 200 kila moja zinasukumiwa jumla ya volti zipatazo 650, na hapo utasikia mlipuko kabla hujaondoa mkono. Niliwaita vijana wote wawili, nikawaonyesha, nikaisogeza swichi kwa ncha ya bisibisi. Kaka mtu akaniambia, "Mjomba, ingekuwa mimi ningeshaichoma." Sifa ile niliibeba siku nzima. Naitaja kwa sababu naamini ndiyo iliyonifikisha nilikofika: nilikuwa nimeiona hatari moja, nikajihesabu mtu anayeziona hatari zote.

Seremala naye alifanya kazi yake vizuri, pengine vizuri kupita kiasi. Kasha lilikuwa zuri, mninga uliopigwa msasa mpaka unateleza, viungo havionekani. Lakini nilikuwa nimempa vipimo vya kubana, maana vijana walitaka kitu kidogo, na mti hautoi joto kama bati linavyotoa. Voodoo3 haina feni. Ina kipande cha alumini tu mgongoni mwa chipu, na hicho kinapata moto wa kutosha kukufanya urudishe kidole. Juu ya hapo ni Agosti Dodoma, upepo unapiga tangu asubuhi na vumbi jekundu linapita hata chini ya mlango uliofungwa. Nilitoboa matundu ya hewa nyuma, nikayawekea kitambaa cha chandarua, nikaweka feni ndogo ubavuni. Hayo yote yalichukua Jumamosi nzima, na ilipofika saa mbili usiku tulikuwa bado hatujaichomeka kadi yenyewe hata mara moja. Tulikuwa tumejenga nyumba ya bwana harusi bila kumwona bwana harusi.

Sasa jino. Ndani ya tundu la AGP kuna kijino cha plastiki, na kwenye makali ya kadi kuna pengo. Jino huingia kwenye pengo. Lile jino si la kuishikilia kadi isiyumbe, ingawa nilipojifunza kazi hii nilidhani hivyo. Ni lugha. Jino likiwa karibu na bati la nyuma, yaani upande wa kuchomekea monita, tundu linasema: mimi ni wa volti 3.3. Ndivyo AGP ilivyoanza, bodi za kwanza zilipotoka mwaka 1997. Jino likiwa upande wa mbali, tundu linasema: mimi ni wa volti 1.5, umeme mdogo zaidi ulioletwa na toleo la pili la mwaka 1998. Tundu lisilo na jino linapokea pande zote. Kadi yenye mapengo mawili inadai kukubali zote mbili, na hata hapo usiiamini kwa macho tu, kwa sababu zilitoka kadi za bei nafuu zilizochongwa mapengo mawili bila kustahili.

Kadi yetu ilikuwa na pengo moja, la karibu. Tundu letu lilikuwa na jino moja, la mbali. Ilikataa kuingia.

Nikaielekeza tena, ikakataa tena. Kaka mtu alikuwa ameshafunga begi lake, limesimama mlangoni, na simu yake ilikuwa mkononi tayari kupiga picha. Mdogo mtu ndiye aliyeinama na tochi akaangalia, akauliza taratibu, kwa adabu, "Mjomba, hili jino si lina kazi yake?"

Nikamjibu kwamba kazi yake ni kuwalazimisha watu wanunue bodi mpya.

Niliamini nilichosema. Katika kazi yangu nimeona viwanda vikibadilisha mdomo wa chaja bila sababu yoyote ya ufundi, na nimeshachonga vichwa vya plastiki vingi vikakubali na vikafanya kazi. Hata umeme niliupigia hesabu kichwani: bodi ndiyo inayotoa, kadi ndiyo inayopokea, kwa hiyo ikipewa 1.5 badala ya 3.3 itakosa nguvu, basi. Anayeshinda njaa haunguzi mtu. Nikapasha wembe moto, nikalikata jino, nikaling'oa kwa koleo ndogo. Ilichukua dakika tatu. Kadi ikaingia kwa sauti laini kabisa, nikawasha.

Feni zilizunguka. Monita ilibaki nyeusi. Baada ya sekunde kama kumi nikasikia harufu ambayo kila fundi anaijua na hakuna anayeizoea. Nikavuta waya wa ukutani. Chipu kubwa ya katikati, ile inayosimamia RAM na tundu la AGP, ilikuwa ya moto hata juu ya kipoza chake. Nikaitoa kadi, nikarudisha monita kwenye picha ya bodi yenyewe, ile iliyotuonyesha mpira jana yake. Hakuna kitu. Nikabadilisha RAM, nikatoa betri ya BIOS na kuirudisha, nikajaribu mpaka saa saba za usiku. Kaka mtu alikaa nami muda wote na hakusema neno la kunilaumu, na kwangu hilo lilikuwa zito kuliko kulaumiwa.

Hesabu yangu ilikosea mahali pamoja. Tundu la AGP lina njia zaidi ya moja za umeme, na miongoni mwake ipo ya 3.3 hata kwenye bodi mpya. Kadi ya zamani hujilisha hapo, kisha hurudisha ishara zake kwenye bodi kwa kimo kilekile. Nyaya zilizoumbwa kusikia volti 1.5 zilipigiwa kelele ya zaidi ya mara mbili, na chipu ikaungua. Bodi ndiyo iliyopokea. Vitabu vya bodi za 845 vilikuwa na onyo hilo, kwamba kadi za 3.3 zisichomekwe; cha bodi yetu nilikisoma Jumatatu, kwa simu, nikiwa nimekaa kwenye kiti kilekile.

Na kuna jambo jingine lililoniuma nilipolikumbuka. Voodoo3 ilitengenezwa pia katika toleo la PCI, na bodi yetu ilikuwa na matundu ya PCI mawili matupu. Lau ningeandika namba ya bodi siku ya kwanza na kukisoma kitabu chake kabla seremala hajashika randa, tungejua mapema tuna kadi isiyo na bodi na bodi isiyo na kadi. Kaka mtu angerudi Marekani na kazi ya kutafuta ile ya PCI, moyo wake ukiwa mweupe, na kompyuta ya Ijumaa ingebaki sebuleni ikicheza kwa kusuasua.

Jumapili nilimsindikiza stesheni. Aliniachia kadi. "Kaa nayo, mjomba," alisema, "utapata bodi yake."

Bodi iliyokufa sikuitupa jalalani. Lehemu ya miaka ile ina madini ya risasi, na kwenye majalala yetu watoto huchoma vifaa vya umeme wapate shaba, wakivuta ule moshi. Ipo juu ya kabati. Kadi ipo ndani ya mfuko wake, na sijaichomeka mahali popote tangu usiku ule. Wateja wawili wameniletea bodi za AGP nizitengeneze. Zote zilikuwa na jino la mbali, na nilizirudisha bila kuthubutu hata kuipimisha kadi hewani juu yake.

Mdogo mtu ndiye anayetafuta sasa. Anazungukia maduka ya mitumba, na likizo hushuka mpaka Kariakoo. Wiki iliyopita alinitumia picha ya bodi ya Pentium III, yenye chipu ya 440BX iliyotoka mwaka 1998. Alikuwa amepiga tundu la AGP kwa karibu, kwa tochi, bila mimi kumwambia, na jino lilionekana wazi, upande wa bati la nyuma. Muuzaji alikuwa anamharakisha kwa sababu anafunga duka. Nilimwandikia aiache hapo kwanza, kesho arudi mchana, anipigie picha nyingine: vichwa vya kapasita zote, moja baada ya moja.