Heshima kwa Asiyekuwepo: Siku ya Mashujaa na Swali la Wafu
Kila tarehe 25 Julai Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa, na swali linalozuliwa na adhimisho hilo, ingawa halitamkwi uwanjani, ni kama heshima yaweza kumfikia mtu asiyekuwepo kuipokea. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa wazee waliopigana vitani shoka. Silaha hizo, ambazo askari waliozikwa Kaboya mkoani Kagera, waliokufa katika vita vya Kagera dhidi ya Uganda vya 1978 hadi 1979, hawakupigana nazo, zinakaribia zaidi tambiko, yaani sadaka inayowaunganisha wazima na wahenga wao, kuliko gwaride la kijeshi.

Papo hapo viongozi wa Kiislamu na Kikristo huomba dua na sala, ambazo huelekezwa kwa Mungu wala si kwa marehemu (na Waprotestanti wengi hukataa hata kumwombea aliyekwisha kufa), na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa kuwa tambiko humchukulia mfu kuwa msikilizaji, ilhali dua humchukulia kuwa mhitaji.

Pengine jibu lisakwe kwa wale ambao wengi wao hawana hata kaburi lenye jina: wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, ambao kikosi chao, Carrier Corps, kiliacha jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam, linalotajwa kutwa na wanunuzi wa nyanya na vitenge wasiojua kuwa wanawataja wafu.