Kebo Iliyofunikwa kwa Raba

Honda Super Cub ya kwanza iliuzwa Japani mwaka 1958, na kufikia 2017 pikipiki za jamii hiyo zilizotengenezwa zilikuwa zimefika milioni 100. Nyingine zina umri mkubwa kuliko wanaoziendesha, na bado zinaponywa uani, jioni, kwa bisibisi na koleo.

Kazi hiyo ina furaha yake. Tunapogandisha kijino kilichokatika cha kifuniko cha ubavuni, au kusafisha platini na kupima nafasi yake, milimita 0.3 hadi 0.4, tunakitunza kitu badala ya kukitupa. Mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza.

Lakini je, kila kilichoshika kimetengenezwa vema? Tuviangalie vipande viwili vidogo. Kijino kikikatika tena, kifuniko kitaanguka njiani nasi tutarudi kukiokota. Kebo ya breki ya mbele nayo hukatika uzi mmoja mmoja, mara nyingi karibu na kishikio, mahali pasipoonekana. Tunaweza kuibana kwa waya, tukaifunika kwa raba, na breki ikashika. Fundi ni yuleyule, na gharama ni ndogo vilevile. Tofauti ni nani atakayelipa matengenezo yakishindwa. Kijino tunakilipia sisi. Kebo analipia mama tuliyempakia nyuma, au mtoto anayevuka barabara, ambao hawakuulizwa.

Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anafundisha kwamba Amri ya Saba haikatazi wizi wa mkono tu. Inakataza pia kujipatia mali kwa bidhaa mbovu, na inatuagiza kumsaidia jirani kulinda riziki yake. Amri ya Tano inatuagiza tusiudhuru mwili wake. Basi tukimuuzia ndugu pikipiki na kusema haina shida, ilhali kebo tunaijua, tumezivunja amri zote mbili kabla hajawasha injini.

Tutasema kebo mpya ni fedha, na fedha hatuna. Ni kweli, wala umaskini si dhambi. Lakini umaskini wetu hautupi ruhusa ya kumtwika mwingine hatari asiyoijua. Kasoro inayotugusa sisi peke yetu twaweza kuivumilia. Inayomgusa jirani, aambiwe, ili aweze kukataa. Inayomgusa hata asiyeweza kuambiwa, kama yule mtoto barabarani, chombo kisitoke uani mpaka kebo ipatikane, hata kama Jumapili tutakwenda ibadani kwa miguu.

Bwana wetu alifundisha juu ya uaminifu katika lililo dogo sana (Luka 16:10). Kebo ni ndogo, lakini uhai unaoitegemea si mdogo. Tunapokaza nati ya mwisho, pasipo mtu wa kutukagua, tujiulize: tukijua tunayoyajua, tungekubali mtoto wetu apande?