Kuvunjika kwa Koleo

Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii ni ya watu waliofua chuma kwa mvukuto na nyundo, lakini hekima yake haijachakaa. Hebu, msomaji, tuipime kwa jambo la zama zetu. Kiwanda kikiacha kutengeneza kipuri cha motokaa, na mtu akakiunda kwa mikono yake, mtu huyo tumwite fundi au mghushi?

Mfano ni huu. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mtambo wa kunyunyizia injini petroli unaoongozwa kwa elektroniki, uitwao D-Jetronic, na Volkswagen 1600 ilikuwa miongoni mwa motokaa za kwanza kufungwa mtambo huo. Sehemu yake moja ni kopo dogo lipimalo shinikizo la hewa iingiayo katika injini. Ndani ya kopo mna utando mwembamba wa metali. Miaka ikipita utando hupasuka, kipimo hupotoka, na injini hunywa petroli kupita haja yake. Bosch haitengenezi tena kopo hilo. Kwa hiyo wako wapenzi wa motokaa za kale waliounda utando mpya wenyewe, na wako waliotia mahali pa kazi ya kopo hilo saketi ya elektroniki ya siku hizi.

Wako wasemao kuwa kazi hiyo ni udanganyifu: mwenye haki ya kutengeneza ni yule aliyebuni, maana ndiye mwenye vipimo na mitambo ya majaribio. Hoja hii ina uzito, lakini haijakamilika. Aliyebuni amekwisha kuondoka sokoni. Je, chombo kizima, kilichokula chuma, jasho na akili ya watu wengi, kitupwe kwa ajili ya kipande cha metali kisichojaa kiganja? Kutupa kinachotengenezeka nako ni ubadhirifu.

Kwa maoni yangu, kosa halimo katika kuunda. Limo katika kuficha. Moyo mpya ndani ya kopo kuukuu si uongo, mradi mwenye motokaa anajua. Huwa uongo siku ile motokaa inapouzwa, na mnunuzi akaonyeshwa jina la kiwanda bila kuambiwa kilichomo. Kifaa ni kile kile, na huenda ni bora kuliko cha kwanza. Kilichopotoka ni ulimi wa muuzaji.

Liko sharti la pili, nalo ni zito zaidi. Kopo la shinikizo likiharibika, injini huzimika na msafiri hukasirika. Lakini kifaa cha elektroniki kinachosimamia breki kikikosea, msiba huingia nyumbani kwa watu wasiojua hata kuwa kiliundwa. Mtu ana ruhusa ya kujaribu ujuzi wake juu ya mali yake. Hana ruhusa ya kuujaribu juu ya shingo ya abiria.

Wewe msomaji, huenda kesho ukawa fundi katika karakana ya jua kali. Usione haya kuunda kile ambacho wenye viwanda wamekiacha. Kipime kabla ya kukifunga, kitie alama yako, mweleze mwenye chombo kilivyo, na umwachie mchoro ili fundi wa baada yako asipapase gizani. Ukiona haya kutia jina lako juu ya kazi hiyo, basi haya hiyo yenyewe imekwisha kukuambia kwamba kazi haijafaa kutoka mkononi mwako.